Rosa Mistika na Haraka ya Kuhukumu

Kila tunapowapa wanafunzi wetu hapa Bujumbura swali lile la mtihani, "Eleza tabia za Rosa", majibu huja upesi: Rosa ni mhuni, Rosa hana msimamo, Rosa amepotoka. Baada ya kitambo kidogo mwanafunzi mmoja huongeza kwamba kosa ni la baba yake, na hapo mjadala hufungwa. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kuwa majibu hayo mawili, ingawa yana ukweli ndani yake, yote ni ya mtu aliyesimama mlangoni bila kuingia ndani.

Rosa Mistika ilichapishwa mwaka 1971 na ndiyo riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Ilipotoka ilizua ubishi mkubwa nchini Tanzania, hata ikapigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilizungumzia waziwazi mambo ya mapenzi na utoaji mimba. Kwa maneno mengine, kitabu kilipatwa na yaleyale yaliyompata mhusika wake mkuu: kilihukumiwa kwa yale yaliyoonekana juu juu.

Tuyakumbuke matukio kwa ufupi. Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe, Regina. Anapogundua kuwa binti yake Rosa ameandikiwa barua na mvulana, anampiga vikali. Rosa anakua akiwaogopa wavulana. Anapokwenda shule ya sekondari, na baadaye chuo cha ualimu, macho ya baba hayamfikii tena, naye anaingia katika mapenzi kiholela, pamoja na mapenzi na mkuu wa chuo mwenyewe. Anatoa mimba. Baadaye anajaribu kujirekebisha, lakini mchumba wake Charles anamwacha alipojua kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Msomaji anayehesabu matendo tu atapata neno "uhuni" bila taabu. Lakini na tuulize: mbona wanafunzi wetu hawamtaji mkuu wa chuo? Yeye ni mtu mzima, ana mamlaka, na amekabidhiwa mabinti wa watu. Tunadhani sababu ni kwamba tabia ya Rosa iko wazi na ya mkuu wa chuo imefunikwa na cheo chake. Charles naye anafanya vivyo hivyo. Mbele yake yupo mwanamke aliyejitahidi kubadilika, lakini anatafuta alama moja tu ya mwili, na asipoiona anaondoka.

Tukiisoma riwaya taratibu tutagundua kuwa kinachoitwa uhuni wa Rosa kinaanzia kwenye hofu. Msichana aliyepigwa kwa sababu ya barua alijifunza jambo moja tu, kwamba kuzungumza na mvulana ni hatari. Hakufundishwa kuchagua, wala hakufundishwa kukataa. Hofu huhitaji mlinzi, na mlinzi akiwa mbali, aliyekuwa akilindwa hana silaha yoyote mkononi. Ndiyo maana mabadiliko ya Rosa, ambayo wengine huyaona ya ghafla mno, sisi tunayaona yameandaliwa tangu siku ya kipigo kile.

Je, basi tuseme lawama zote ni za Zakaria? Jibu la "malezi mabaya" limekuwa kama wimbo madarasani, nalo linatuondolea kazi ya kufikiri. Linamtoa Rosa kizimbani na kumweka baba yake palepale, kisha linanyamaza. Zakaria anayeilinda heshima ya binti kwa fimbo ni mtu ambaye heshima yake mwenyewe imezama pombeni. Anataka kumtawala mtoto kwa kuwa ameshindwa kujitawala. Hatusemi hivi ili kumsafisha. Kuelewa chanzo cha kosa na kulisamehe ni mambo mawili mbalimbali. Hata hivyo mwandishi mwenyewe hakutaka tuishie hapo, maana mwishoni anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, wakalaumiana. Angetaka tumlaumu Zakaria peke yake, angeifunga hadithi makaburini.

Riwaya haikosi kasoro. Katika miaka ya chuo msimulizi anakwenda mbio; anatuonyesha Rosa akitenda kuliko anavyotuonyesha Rosa akiwaza. Kwa hiyo msomaji mwepesi wa kuhukumu anasaidiwa na usimulizi wenyewe. Lakini jina la kitabu linatuonya mapema. Wasomaji Wakatoliki watakumbuka kuwa "Rosa Mistika" ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania, yaani waridi la fumbo. Na fumbo halifumbuliwi kwa kutazamwa mara moja.

Kwa nini suala hili litushughulishe sisi walimu wa Burundi? Kwanza, lugha tunayoifundisha imewahi kuhukumiwa hivyohivyo. Wakazi wa Buyenzi wanajua jinsi neno "Mswahili" lilivyotumika, hapa kwetu na hata Tanzania, kumaanisha mtu mjanja asiyeaminika, na wako wazazi waliowakataza watoto wao lugha hii kwa sababu hiyo tu. Pili, na hili ni zito zaidi, nchi yetu inajua gharama ya kumsoma mtu kwa sura yake. Mwaka 1972 na tena kuanzia mwaka 1993, watu waliuawa kwa kile walichodhaniwa kuwa, bila kuulizwa lolote. Mila zetu nazo zilikuwa na njia nyingine: mushingantahe hakutoa hukumu kabla ya kuzisikiliza pande zote mbili.

Tunapendekeza basi swali la mtihani libadilishwe. Badala ya "Eleza tabia za Rosa", tuulize: "Rosa anaogopa nini, na ni nani aliyemfundisha kuogopa?" Swali hili linamlazimisha mwanafunzi arudi kwenye kitabu na kutafuta ushahidi, wala halijibiki kwa neno moja.

Na sisi walimu tujiulize pia. Yuko mwanafunzi anayechelewa kila Jumatatu, na yuko asiyefungua kinywa darasani muhula mzima. Tumezoea kuandika "mvivu" na "hana bidii", tukageuza ukurasa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kuandika neno hilo, tumwite kando tumuulize habari za nyumbani.