Simu nyembamba: milimita zimekatwa wapi?

Muuza simu wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akitaka kukuuzia simu nyembamba hakuanzii na bei. Anakupa uishike. Anajua kwamba simu ya milimita tano na ushee ikishalala kiganjani, maswali ya chaji hukauka yenyewe mdomoni. Ishike, isifu, kisha muulize: hizi milimita zilizopungua zimekatwa wapi?

Mara nyingi zimekatwa kwenye betri. Mwaka 2025 Samsung iliuza simu mbili zenye vioo vya inchi 6.7. Galaxy S25+ ina unene wa milimita 7.3 na betri ya mAh 4,900. S25 Edge ina milimita 5.8 na mAh 3,900. Piga hesabu: unene umepungua kwa moja ya tano, betri nayo moja ya tano, hakuna muujiza. Edge pia haina ile kamera ya kuvuta vitu vya mbali ambayo mwenzake anayo. Na huko Marekani ilitoka kwa dola 1,099 wakati S25+ ilitoka kwa 999, kwa hiyo mnunuzi aliongeza dola 100 apate chaji ndogo zaidi. Kuna anayeona inafaa, kwa kuwa simu ni nyepesi na ina kamera kuu kali. Simbishii, mradi anajua alichokiacha.

Apple nayo mwaka huohuo ilileta iPhone Air, milimita 5.6, betri ya mAh 3,149. Pamoja nayo ikauza betri ya kubandika mgongoni, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo tu. Ukishaibandika, wembamba ulioulipia umekwenda. Hata usipoibandika, wengi wetu hatutoki dukani bila kava, na kava la maana lina milimita moja na nusu kila upande. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni mfupi: mwambie muuzaji aivishe simu kava utakalotumia kila siku, ndipo uishike. Halafu iweke mezani uiguseguse kwenye kona. Unene unaotangazwa hupimwa pasipo na uvimbe wa kamera, na zipo simu zinazojiita nyembamba ambazo zikilala mezani zinayumba.

Kuna watengenezaji waliokata kwa akili. Njia mojawapo ni kubadili kilichomo ndani ya betri. Betri za kawaida za lithiamu hutumia grafiti upande wake hasi. Ukichanganya na silikoni, uzito uleule unabeba umeme zaidi. Mfano mzuri ni Honor Magic5 Pro ya mwaka 2023: umbo ni lilelile, lakini iliyouzwa China ilikuwa na betri ya silikoni ya mAh 5,450 na iliyouzwa nje ilikuwa na mAh 5,100. Hapo mjuzi hupata mambo mawili. Kwanza, wembamba na chaji vinaweza kukaa pamoja. Pili, jina la simu halitoshi, soma boksi la simu iliyo mkononi mwako, maana sifa ulizoziona kwenye video ya mtu aliye Shanghai zinaweza kuwa za simu nyingine kabisa. Kasoro ya silikoni ni kwamba hutanuka sana inapopokea chaji, kwa hiyo mtengenezaji huichanganya kwa kiasi na lazima aiachie nafasi.

Njia nyingine ni kukata kwenye kamera na kutandaza betri kwa upana. Infinix Hot 60 Pro+ ina milimita 5.95 na betri ya mAh 5,160, tena kwa bei ambayo haifikii hata nusu ya zile nilizozitaja. Kioo chake ni kipana, inchi 6.78, chipu yake ni ya 4G, na kamera zake ni za kawaida. Kwa mtu wa WhatsApp, mpira na kutuma pesa, naiona hiyo ndiyo simu nyembamba iliyokatwa mahali pake. Mpiga picha za harusi atanikatalia, na atakuwa na haki.

Usiishie kwenye mAh. Simu mbili zenye betri sawa zinaweza kupishana saa kadhaa, kwa sababu mara nyingi kinachokula chaji zaidi ni kioo, na mtandao nao hula. Kioo tafuta kinachosomeka juani bila kupandishwa mwanga hadi mwisho. Toka nacho nje ya duka, muuzaji atakusindikiza tu. Mtandao ukiwa hafifu, simu hupaza nguvu ya redio ili minara iisikie, na chaji inashuka hata ikiwa mfukoni. Wanaopima simu kwa kuchezesha video kwenye Wi-Fi hawalioni hilo. Wewe unayekaa Kilosa, au unayesafiri na basi kutwa nzima, unaliona. Jaribio la maana ni kuwasha bando, kuwasha laini zote mbili, na kutumia simu siku ya kawaida kuanzia asubuhi. Kama jamaa yako anayo, muulize ana asilimia ngapi saa kumi na mbili jioni. Jibu hilo lina uzito kuliko namba ya kwenye boksi.

Joto ndilo ambalo wanunuzi wetu hawaliulizi kabisa, wakati huku pwani ndilo linaloua betri. Apple inashauri vifaa vyake visikae kwenye joto linalozidi nyuzi 35. Dereva wa bodaboda aliyefunga simu kwenye usukani saa saba mchana, ramani ikiwa wazi na jua likipiga kioo, ameshapita hapo. Simu nyembamba ina nafasi ndogo ya kusambaza joto la chipu, na mara nyingi betri iko jirani. Ukiwa dukani, washa kamera, rekodi video kwa dakika kumi, kisha weka kidole mgongoni karibu na kamera. Ikiunguza au ikipunguza mwanga yenyewe, usiinunue kwa kazi ya juani.

Ubanaji una hatari yake pia. Januari 2017 Samsung ilieleza kilichozichoma Galaxy Note 7: katika betri za kundi la kwanza, kona ya juu ilibanwa hata sehemu za ndani zikapinda na kugusana. Kwa hiyo ukinunua simu iliyotumika, ile ya kutoka Dubai, ilaze kifudifudi juu ya kioo cha kaunta na uizungushe. Ikizunguka kama pia, huenda betri imeanza kuvimba na kusukuma kioo. Angalia pembeni kama kioo kimeachia. Kwenye iPhone fungua mipangilio ya betri usome asilimia ya afya yake. Ikiwa chini ya 80, toa gharama ya betri mpya kwenye bei. Na kabla hujalipa, vuka barabara umuulize fundi kubadilisha betri ya modeli hiyo ni shilingi ngapi, na kama anaweza kuifungua bila kuvunja mgongo.