Samaki wa bahari katika mita 1,120: nani anafaa tangi la lita 250 Dodoma

Mtu wa pwani anayefuga samaki wa maji ya chumvi sebuleni ana mengi ya kumkinga. Akiharibikiwa na maji, mengine yapo ufukweni. Usiku hauna baridi ya kumtisha, hewa ina unyevu, na aliyemuuzia samaki yuko mtaa wa pili. Mtu wa Kisasa au Iyumbu, hapa Dodoma, hana hata kimoja kati ya hivyo, lakini bado anachagua samaki kwa vigezo vilevile vya Dar es Salaam: rangi, ukubwa wa kioo na bei. Hapo ndipo matangi mengi ya bara yanapoharibikia, hata kabla samaki wa kwanza hajashuka kwenye maji. Huku juu, orodha ya samaki inapaswa kuanzia kwenye hewa, joto na umeme. Urembo unafuata.

Tuchukue tangi la kawaida la nyumbani, urefu mita 1, upana sentimita 50, kimo sentimita 50. Kwa hesabu ya kioo ni lita 250. Likishawekwa mawe na mchanga, maji halisi hayazidi sana lita 210, na hizo ndizo za kupigia hesabu.

Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam, na oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji hupungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 yaliyoshiba hewa hubeba kama miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita pale Kivukoni. Hapa hubeba kama 5.8. Yakipanda hadi nyuzi 30, hapa yanashuka kwenye 5.4. Samaki wenye afya wanaishi humo bila taabu, mradi pampu inavuruga uso wa maji. Kinachopungua ni akiba. Umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa Oktoba, pampu ikasimama na sebule ikawa na nyuzi 31, tangi lenye samaki kumi litaanza kuonyesha dalili mapema sana: samaki wanapanda juu na kuhemea usoni. Tangi hilohilo lenye samaki watano linampa mwenye nyumba muda wa kurudi kutoka kazini. Kwa hiyo idadi ninayoipendekeza kwa lita 210 za Dodoma ni samaki wadogo watano, hata kama vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari vinaruhusu saba au nane. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inunuliwe siku moja na kioo.

Joto lina sura mbili. Alfajiri za Julai halijoto ya nje hushuka hadi nyuzi 13 au 14, kwa hiyo hita ni lazima, na kwa maji kiasi hiki ya wati 200 inatosha. Kwenye joto la Oktoba na Novemba, ukavu wa hewa yetu unageuka msaada. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza nyuzi kadhaa, kwa sababu maji huondoka na joto yanapogeuka mvuke, na mvuke unatoka kwa urahisi pale hewa inapokuwa kavu. Pwani feni hiyohiyo haifanyi kazi vizuri hivyo. Gharama yake ni chumvi. Maji yanapokauka chumvi haiondoki. Uso wa tangi letu ni nusu mita ya mraba. Ukishuka milimita 5 kwa siku, lita 2.5 zimekwenda. Asiyejazia kwa wiki nzima atakuwa amepoteza zaidi ya lita 17, na chumvi itakuwa imepanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi zaidi ya 38. Ujazie kila siku kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyopitishwa kwenye mtambo wa osmosisi, kwani maji ya visima vya uwanda huu yana madini mengi na samaki hawa hawayahitaji.

Neno moja juu ya chumvi yenyewe, kwa sababu kishawishi ni kikubwa. Chumvi ya dukani haifai, wala ile ya mawe inayouzwa kwa kilo sokoni. Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, maji ya bahari yanapokaushwa, chumvi ya kula ndiyo inayoganda mapema, na sehemu kubwa ya magnesi na potasi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachouziwa ni sehemu moja tu ya bahari. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, ambayo kwa lita 210 ni kama kilo 7 na nusu, au agiza maji safi ya bahari kwa madumu, yaliyochotwa mbali na bandari na midomo ya mito. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, dumu moja la lita 20 linakutosha.

Na mawe? Dodoma imezungukwa na matale, na wengi hudhani jiwe ni jiwe. Jiwe la itale ni gumu na halina vitundu, kwa hiyo bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, hawapati pa kukaa zaidi ya ngozi yake ya nje. Jiwe la chokaa la pwani, lile la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, lina vinyweleo vingi na linawapa bakteria nyumba. Usinunue tumbawe lililovunjwa likiwa hai. Tangi likae wiki nne hadi sita likilishwa amonia kidogo kidogo, mpaka vipimo vya amonia na nitriti vionyeshe sifuri, ndipo samaki waje.

Sasa samaki wenyewe, na tuanze na wanaotamaniwa zaidi. Kangaja wa buluu hafifu mwenye shingo nyeupe, Acanthurus leucosternon, ni fahari ya miamba yetu kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Ni samaki wa kuogelea mwendo mrefu akichunga mwani, hufikia zaidi ya sentimita 20, na ugonjwa wa madoa meupe humshika kwa wepesi wa ajabu. Mita 1 ya kioo ni kifungo kwake. Kitatange mkubwa wa mistari, Pomacanthus imperator, anaweza kufika sentimita 40. Yule wa buluu ambaye watoto wanamjua kwa jina la Dory, Paracanthurus hepatus, anafika 30 na ushei. Wote hawa huuzwa wakiwa na urefu wa kidole, na muuzaji hasemi wataishia wapi.

Vitatange wanaokula matumbawe hai, kama Chaetodon trifasciatus, nawakataa kwa sababu nyingine kabisa: wakiwekwa kwenye tangi lisilo na matumbawe hufa kwa njaa huku chakula kikielea mbele yao. Daktari wa miamba, yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayesafisha samaki wengine, abaki baharini kwenye kazi yake. Samaki watano hawamtoshi riziki. Kikande huuma kila kitu, na chewa mdogo ni chewa mkubwa kesho. Halafu yupo yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus. Bei yake ni ndogo, ni mgumu kufa, na mpiga mbizi wa Zanzibar humwona kila siku akiwa mdogo, amejificha ndani ya anemoni. Anayemnunua kwa sababu ya ugumu huo atajuta baadaye, atakapokuwa amefika sentimita 12 na kuwafungia wenzake wote kwenye kona moja.

Uamuzi mgumu upo kwa samaki wa anemoni. Tunao wetu. Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya chungwa hafifu na mstari mweupe mgongoni, yuko tele Unguja na Mafia. Moyo unavutwa kwake. Lakini porini huyu hutegemea aina mbili tu za anemoni, na akikosa anemoni huwa mwoga, hujibanza na huchelewa kula. Anemoni naye anataka taa kali na maji yasiyoyumba, vitu ambavyo nyumba yenye umeme wa kukatika haiwezi kuahidi. Kumtoa mwambani kuna gharama nyingine pia. Samaki hawa huishi kwa ngazi: mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume, na waliobaki hawajapevuka. Jike akiondoka, dume hugeuka jike, kama Hans Fricke na Simone Fricke walivyoeleza mwaka 1977. Mabadiliko hayo huchukua muda, na kwa muda wote huo kundi la anemoni ile halitagi mayai. Mvuvi mmoja mwenye wavu anaweza kusimamisha uzazi wa kundi zima kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo, kwa Dodoma, namchagua Amphiprion ocellaris aliyezaliwa kwenye matangi, ingawa bahari yake ni ya upande wa Indonesia na Australia wala si yetu. Huyu amezoea tangu udogoni chakula kikavu, kioo na joto linalopanda na kushuka kidogo. Hahitaji anemoni. Nunua wawili wadogo waliotofautiana ukubwa: mkubwa atakuwa jike, mdogo atakuwa dume, na ugomvi utakuwa mfupi.

Wa tatu ni Nemateleotris magnifica, mwembamba mwenye uti mrefu mgongoni na mkia wa rangi ya moto, anayepatikana pia Afrika Mashariki. Anaelea mbele ya shimo lake akidaka chakula kinachopita na hana ugomvi na wasiofanana naye. Kasoro yake ni kuruka: akishtuka usiku anaondoka tangini. Usimfunikie kwa kioo, kwa sababu kioo kinazuia hewa ambayo tayari ni chache. Tumia wavu mwepesi wenye matundu ya nusu sentimita. Wa nne ni gobi wa mchangani, mmoja wa wale wanaoishi shimo moja na kamba: kamba huchimba na gobi hulinda, huku kipapasio cha kamba kikigusa mkia wa mlinzi wake muda wote. Mtoto atakaa mbele ya kioo saa nzima kuwatazama hawa kuliko kangaja yeyote.

Wa tano na wa mwisho ni wetu. Centropyge acanthops ni kitatange mdogo asiyevuka sentimita 8, kichwa na mgongo vya rangi ya chungwa na ubavu wa buluu iliyokolea, na makao yake ni pwani ya mashariki ya Afrika. Anachuma mwani kwenye mawe siku nzima. Ana wivu wa makao, ndiyo maana anaingia mwisho, wengine wakiwa wamekwisha kugawana pembe zao, na anakaa peke yake.

Safari nayo inachagua samaki. Basi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa 8. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 hutumia chini ya saa 4, ila uliza kwanza kama mzigo wa namna hii unapokelewa. Mwambie muuzaji asiwalishe samaki siku moja kabla, na asiukaze mfuko kwa oksijeni: lita 3 za gesi zilizofungwa Dar zinakuwa karibu 3.4 zikifika hapa. Ukifika, acha mfuko uelee tangini bila kuufungua mpaka joto lilingane. Ndani yake samaki amekuwa akitoa amonia na hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoifanya amonia isiwe kali. Ukiufungua, hewa ya ukaa inatoroka na amonia inakuwa sumu ndani ya dakika chache. Pima chumvi ya mfuko kwa refraktometa. Kama ya tangi haitofautiani nayo sana, mtoe samaki kwa kikombe mara moja na maji ya mfuko uyamwage.

Tangi la kumpokelea si lile kubwa: kila anayekuja akae kwanza wiki nne kwenye tangi dogo la pembeni, kwa ajili ya madoa meupe, maana dawa ya shaba inayoyatibu itamuua kamba ukiiweka kwenye tangi kubwa. Kwa mpangilio huo, aliyewasha tangi Machi atamweka kitatange wake karibu na Septemba, na atakuwa na wiki chache za kumzoea kabla joto la Oktoba halijafika.