Ngumi, Vidole, Kisu

Wengi wetu theluji ilitufikia kwa maneno tu. Jina hilo tulilitoa kwenye Kiarabu, na barafu, hii tunayoitia kwenye maji ya ndimu, asili yake ni Kiajemi, ambako maana yake ni theluji hiyohiyo. Maneno mawili yametutosha. Hayamtoshi mtu anayechimba shimo mwezi Januari kwenye mteremko juu ya mji wa Davos, Uswisi. Ukutani mwa shimo lake yeye huona theluji saba au nane, na anatafuta ile inayoua.

Mtazame anavyofanya. Amechimba mpaka kwenye udongo, akanyoosha upande mmoja kwa koleo hadi ukasimama wima kama ukuta uliopigwa lipu. Sasa anapitisha brashi polepole. Iliyo laini inamomonyoka, iliyo ngumu inabaki, na mistari ya majira yote ya baridi inajitokeza. Kisha anapima kwa mkono. Tabaka linaloingia ngumi ni laini kabisa. Ngumi ikikataa, anajaribu vidole vinne, halafu kidole kimoja, halafu penseli, na mwisho kisu. Ndivyo vinavyoandikwa daftarini: ngumi, vidole, kisu. Nami hufurahi kwamba elimu yenye satelaiti na kompyuta zake bado inaanzia kwenye ngumi ya mtu.

Anachokihofia ni kigumu kilichokaa juu ya kilegevu. Ardhi chini ya theluji hubaki karibu na nyuzi 0 hata hewa ya juu ikishuka hadi 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa haba, mvuke hupanda kutoka chini, na chembe hugeuka kuwa punje zenye pembe. Theluji mbichi, kama haikukaushwa na baridi kali, ni kama unga uliopata maji kidogo: ukiifumbata inashika donge. Punje hizi ni sukari, zinachuruzika vidoleni. Na usiku usio na mawingu, wenye nyota, mvuke wa hewani huganda juu ya theluji ukachipua vijimanyoya vinavyometameta asubuhi. Sijui kitu kizuri kuliko hicho mlimani. Theluji ya kesho ikivifunika bila kuvivunja, uzuri huo huwa mtego unaodumu wiki nyingi. Mtu akikanyaga juu yake husikia mlio mzito wa chini kwa chini, kama gunia la mahindi lililobwagwa chumba cha pili. Mwenye kuijua kazi hii hahitaji kuusikia mara mbili.

Kipimo cha mwisho ni cha kugonga. Anakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha 30, analaza koleo juu ya ncha moja, kisha anagonga: mara 10 kwa kiganja kinachochezea kifundoni, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Tabaka kuvunjika chini ya koleo halimshtui sana. Anachokodolea macho ni ule ufa: je, utakimbia hadi ncha ya pili? Ukikimbia, bamba zima la theluji mlimani linaweza kufanya vivyo hivyo, palipo na mwinuko wa nyuzi 30 na zaidi.

Juu ya Davos, pale Weissfluhjoch, watafiti wamekuwa wakipima theluji ya uwanja uleule tangu 1936. Katika majira ya baridi ya 1951 maporomoko ya theluji yaliua watu 98 nchini Uswisi, wengi wakiwa majumbani mwao. Leo wanaokufa ni hasa watu wa skii, na mara nyingi poromoko wamelianzisha wenyewe. Hatari hutangazwa kwa ngazi 5, na ngazi inayosomba wengi ni ya 3. Ya 5 kila mtu anaiogopa, anakaa ndani anakunywa chai.

Fundi wetu anajua pia kwamba shimo ni shimo moja. Hatua ishirini kando, upepo ulipanga mambo kwa namna nyingine. Kwa hiyo ukuta ukimwambia hapana, anatii. Ukimwambia ndiyo, anauliza tena kwingine. Leo ufa ulikimbia kwenye pigo la 13. Anaandika namba, anapangusa brashi kwenye suruali, kisha analifukia shimo asije mtu akatumbukia, na kuteremka kwa njia aliyopandia.