Jicho la Kusoma Madoa

Takriban mtu mmoja kati ya watatu hubeba puani mwake bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, na wengi hawatajua kamwe, kwa kuwa akikaa puani hana neno. Akipenya kidonda au ngozi ya kichanga, ndipo yanapotokea majipu na usaha. Wodi ya wazazi ikikumbwa na majipu, swali huwa moja: ametoka pua ya nani? Chini ya darubini, bakteria wa muuguzi na wa mtoto hawatofautiani hata kidogo. Kwa miongo kadhaa waliowatofautisha ni mafundi wa maabara, kwa kutumia virusi vinavyoshambulia bakteria, yaani faji. Ufundi wao nauheshimu kuliko mashine nyingi zilizokuja baadaye.

Kazi ilianza na kijiti cha pamba kilichozungushwa ndani ya tundu la pua. Bakteria waliopatikana walioteshwa, kisha wakatandazwa juu ya sahani ya agari. (Agari hutokana na mwani.) Uso wa sahani ukishakauka, fundi alidondosha matone ya faji, kila aina kwenye mraba wake uliochorwa chini ya sahani. Seti ya kimataifa ilikuwa na faji zaidi ya 20. Kulipokucha bakteria walikuwa wameota na kufunika sahani yote kama utando wa maziwa, isipokuwa pale walipokutana na faji inayowaweza. Hapo palibaki doa angavu: bakteria wamepasuka, na kila aliyepasuka ametoa faji nyingine nyingi zilizowaendea jirani zake.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye nguvu ya tone. Tone lenye faji nyingi mno huua hata bakteria ambao faji hiyo haiwezi kuzaliana ndani yao, na hapo sahani inadanganya. Kwa hiyo kila faji ilipunguzwa nguvu mara kumi, tena mara kumi, hadi kufikia kiwango ambacho bado kingeweza kusafisha karibu eneo lote la tone kwenye bakteria wake wa kukuzia, na si zaidi. Kila moja ilikuzwa kwa bakteria wake maalumu na kupimwa upya, kwa maana faji nazo hubadilika. Kisha kukawa na kusoma. Vidoa 50 na kuendelea viliandikwa ++, na vya chini ya hapo vilipewa alama ndogo zaidi. Mkono unaweza kufundishwa kudondosha kwa wiki chache. Jicho la kuamua kama ukungu ule hafifu ni dalili ya kweli au si kitu lilihitaji sahani nyingi sana.

Mwenye jicho hilo alikuwa Phyllis Rountree, wa Royal Prince Alfred Hospital mjini Sydney. Miaka ya mwanzo ya 1950 majipu yalizuka katika wodi za watoto wachanga Australia, yakaletwa na bakteria sugu kwa penisilini ambao faji za kawaida hazikuwagusa. Sahani zilirudi tupu. Wapo ambao wangeandika "haitambuliki" na kuendelea na kazi nyingine. Faji mpya, iliyopewa namba 80, ndiyo iliyowapasua, na mwaka 1955 yeye na mwenzake Freeman wakaitangaza aina hiyo. Kanada nako ikapatikana faji namba 81, na ikaonekana kwamba bakteria walewale hupasuliwa na zote mbili. Jina 80/81 likazunguka hospitali za dunia.

Kinachonivutia zaidi ni sababu ya matone kufanya kazi. Mara nyingi bakteria wa puani wamekwisha kuhifadhi faji nyingine ndani ya vinasaba vyao, na huyo mpangaji humfungia mlango ndugu yake anayekuja. Bakteria pia wana vimeng'enya vya kukata vinasaba vya mgeni. Rountree aliichunguza hali hiyo ya upangaji tangu miaka ya 1940, hivyo alipotazama mpangilio wa madoa alikuwa anaona historia ya maambukizo ya zamani, yaliyompata bakteria mwenyewe.

Leo usomaji wa vinasaba umechukua nafasi ya matone. Mwaka 2005 watafiti walichunguza kwa njia hiyo bakteria wa 80/81 waliokuwa wamehifadhiwa, wakakuta ni ukoo mmoja kweli, na kwamba ukoo huo ulikuwa umerudi, safari hii ukiwa sugu kwa dawa ya methisilini.