Kuzima Poti Iliyo Nzima: Swichi Inavyoiarifu Seva Kwamba Njia Imekatika

Seva yenye kadi mbili za mtandao, kila kadi ikiwa imeunganishwa na swichi yake, huhesabiwa kuwa imekingwa dhidi ya hitilafu ya swichi moja, lakini kinga hiyo ina tundu. Katika Linux, kadi hizo zinapopangwa ili moja ifanye kazi na nyingine ingoje zamu, kigezo cha miimon, ambacho aghalabu huwekwa milisekunde 100, hukagua tu iwapo kiungo kati ya kadi na swichi ki hai. Kebo inayoiunganisha swichi na kiini cha mtandao ikikatika, taa ya poti ya seva huendelea kuwaka, na seva huendelea kumimina data kwenye swichi isiyo na pa kuipeleka, ilhali kadi ya pili, yenye njia nzima, imekaa bila kazi.

Dawa yake ni swichi kuizima kwa makusudi poti isiyo na kasoro yoyote, kwa kuwa kuzimika kwa kiungo ndiyo ishara pekee ambayo kadi hiyo inaielewa. Katika Junos, mfumo endeshi wa vifaa vya Juniper, huundwa kundi chini ya itifaki ya uplink-failure-detection, ambamo poti za juu, yaani zinazoelekea kwenye kiini, hutajwa kwa link-to-monitor, na zile za seva kwa link-to-disable. Poti za seva huzimwa pale tu poti zote za juu za kundi hilo zinapokatika, na huwashwa tena hata ikirudi moja. Kurudi huko kunahitaji tahadhari, kwani poti ya juu inaweza kuwaka kabla swichi haijawa tayari kupitisha data; ndiyo maana kigezo cha updelay upande wa seva, kinachoichelewesha kadi kuhesabiwa kuwa hai, hakifai kupuuzwa.

Katika ufuatiliaji, amri ya show uplink-failure-detection huonyesha kila kundi, na kinyota pembeni mwa jina la poti humaanisha kwamba kiungo kiko hewani. Mstari wa kusomwa kwanza ni Failure Action: ukiandikwa Active, poti za seva zimezimwa na swichi yenyewe, na fundi anayekimbilia kubadilisha kebo za seva anatibu dalili huku ugonjwa ukiwa juu.

Hata hivyo, mbinu hii huona kiungo cha jirani tu. Swichi zote mbili zikitegemea kifaa kimoja cha juu, kikizimika zote huzima poti zao, na seva zilizokuwa bado zinaweza kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe hupoteza hata mawasiliano hayo. Hitilafu ikiwa mbali zaidi, hakuna kinachozimwa. Hapo hufaa arp_interval na arp_ip_target, vigezo vinavyoifanya seva iulize anwani ya mbali na kungoja jibu, ingawa havipaswi kutumiwa pamoja na miimon.