Moto wa Ilungu na Moto wa Kintengwe

Saa mbili asubuhi, mwezi wa sita, upepo wa Pito, hapa Ufipa, hauna huruma. Tulikuwa watano uani kwa mama mmoja mkulima, makoti yamefungwa hadi shingoni, tumeizunguka mashine ya kupura maharage iliyochomelewa jana yake. Kijana akashika mpini, akauzungusha. Mashina yakaingia, yakajiviringisha kwenye pipa la ndani kama nywele kwenye kitana, na maharage hayakutoka. Akazungusha kwa nguvu zaidi. Yakatoka machache, nusu yake yamepasuka. Fundi akaanza kuzilaumu nondo, mimi nikaanza kuulaumu mchoro. Mama akaokota ganda moja, akaliminya kwa kidole gumba. Lilipinda, halikulia.

"Wanangu, haya bado yana umande. Nani anapiga maharage saa hizi? Njooni saa nane."

Saa nane jua lilikuwa limekausha kila kitu. Ganda lililokuwa likipinda asubuhi sasa lilivunjika kwa mlio mkavu, na mashine ile ile, mikononi mwa kijana yule yule, ikatema maharage turubai zima. Bado yalikuwa yanapasuka, na hilo tulikuwa na kazi nalo. Lakini tangu siku hiyo sijaacha kuwaza jinsi tulivyokaribia kuibomoa mashine kwa kosa lisilo lake. Tulichokosea ni kikao.

Upo ufundi ambao hautolewi cheti, nami nauheshimu kama ninavyouheshimu useremala: ufundi wa kujua kazi ya kubuni inataka kikao cha namna gani. Watu wangapi, wakae wapi, kwa muda gani, saa ngapi za siku, nani awepo na nani abaki nyumbani. Mwenye ufundi huu mara nyingi hatambuliwi, kwa sababu kikao kikienda vizuri sifa humwendea aliyeshika koleo.

Hapa Ufipa ufundi huo ni wa zamani. Wazee wa nchi hii waliyeyusha chuma kwenye malungu, na baadhi ya malungu hayo bado yamesimama maporini, midomo wazi, nyasi zimeota mpaka ndani. Ilungu ni tanuru la udongo lenye umbo la mnara, kimo chake mita 3 hivi, na mengi yalijengwa jirani na kichuguu ili udongo wa mchwa uwe karibu. Chini yake kuna matundu kuzunguka pande zote, na humo ilipita mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Juu yake walipakia kuni, mkaa na mawe yenye chuma, tabaka kwa tabaka. Kisha wakawasha.

Hakuna aliyevukuta. Hapo ndipo ilipo akili ya ilungu. Urefu wa mnara ndio uliovuta hewa, moto ukajipulizia wenyewe kwa siku kadhaa, na kazi ya watu ikawa kulinda, kuongeza, kungoja. Walikaa kambini, mbali na kijiji na mbali na wake zao, chini ya mkuu wao na dawa zake na miiko yake. Leo wengine huitazama miiko hiyo kama ushirikina mtupu. Mimi naona pia kwamba iliwapa watu wengi wenye shughuli nyingi sababu ya kutoondoka kabla moto haujamaliza kazi.

Na baada ya siku zote hizo ilitoka nini? Haikutoka jembe. Ulitoka mchanganyiko wa chuma na mavi ya chuma, mgumu, wenye matundu, usiofulika. Wakati wa ilungu ulikuwa umekwisha. Mabonge hayo yalipelekwa kwenye tanuru jingine, dogo, liitwalo kintengwe. Hapo sasa mvukuto ulitumika, watu wakawa wachache, moto ukawa mkali na wa muda mfupi, taka zikatengana na chuma. Kutoka hapo kilikwenda kwa mhunzi, kwenye fuawe na nyundo, ndipo likapatikana jembe au shoka. J.A.R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika habari za wahunzi hawa mwaka 1969. Bertram Mapunda alitembea nchi hii akichimba na kupima mabaki ya matanuru, akakamilisha tasnifu yake ya udaktari mwaka 1995. Ninapowasoma, kinachonigusa kuliko vipimo ni subira ya mgawanyo ule: mioto mitatu, kila mmoja na ukubwa wake, pumzi yake na watu wake. Sidhani kama mzee yeyote wa Kifipa angesimama mbele ya ilungu akadai apewe jembe.

Sisi tunadai. Niliwahi kuwa mmoja wa waandaaji wa warsha ya siku mbili katika ukumbi mmoja mjini. Watu arobaini, makaratasi makubwa ukutani, kalamu za rangi, chai saa nne. Tulitaka ifikapo jioni ya siku ya pili kila kundi liwe na mfano wa chombo unaofanya kazi. Asubuhi ya kwanza ilikuwa tamu kweli: mkulima wa Laela akieleza jinsi magunia yanavyolowa, mwalimu akiuliza, fundi akicheka na kusema kumbe. Hewa ilikuwa inajivuta yenyewe. Kisha tukaanza kuvukuta. Tukagonga kengele kila dakika ishirini, tukadai uamuzi, tukadai kura. Jioni ya pili tulikuwa na mchoro mzuri wa mashine yenye injini ambayo hakuna mkulima hata mmoja pale ukumbini angeweza kuinunua. Watu walisaini posho wakaondoka. Tulikuwa na ilungu zuri, tukalidai jembe, tukalizima likiwa katikati ya kuwaka.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo ni la kusikitisha zaidi kwa kuwa wanaolifanya wana vipaji. Ni la fundi anayejifungia peke yake na fuawe bila mawe ya chuma. Anapiga, anapiga, mikono yake ni ya dhahabu, lakini hajawahi kukaa siku nzima na mtu atakayekitumia chombo chake. Anang'arisha jibu la swali ambalo halijaulizwa.

Nikitafuta mfano wa waliolifikiria jambo hili vizuri, fikra yangu huenda Arusha. Mwaka 2007, Amy Smith na wenzake wa MIT, Marekani, walianzisha mkutano wa kimataifa wa ubunifu ambamo mafundi, wakulima, wanafunzi na wahandisi waliishi pamoja kwa majuma kadhaa wakitengeneza vitu kwa mikono yao. Mwaka 2014 mkutano huo ulifanyika Tanzania. Bernard Kiwia, fundi wa Arusha anayejulikana kwa vyombo vya kuendeshwa kwa baiskeli, ikiwemo chaja ya simu, ni miongoni mwa waliopitia mikutano hiyo. Lakini yeye hakungoja mkutano mwingine ili aendelee. Alisaidia kuanzisha karakana, Twende, mahali ambapo mtu huja na shida yake mwenyewe, akashika msumeno, akakata, akakosea, akarudi kesho. Majuma ya kuishi pamoja ni ilungu. Karakana ya kila siku ni kintengwe. Kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine.

Na mashindano? Tangu mwaka 2019 tunayo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ninafurahi tunayo, maana yamewatoa wabunifu wengi gizani. Ila mashindano ni siku ya mnada. Hapo unakutana na mnunuzi, mfadhili na mtu wa kukulindia haki ya ubunifu wako. Huko hupeleki chuma ambacho bado kina mavi yake, na mbunifu anayesukumwa jukwaani mapema hujifunza kuficha kasoro badala ya kuziuliza.

Basi turudi Pito, maana mashine yetu ilikuwa bado inapasua maharage. Tulikuwa tumeshakutana mara mbili na kundi la wakulima, na mtu mmoja akapendekeza tuwaite tena wote. Nilikataa, na kukataa kule ndiko naona kulikuwa mchango wangu mkubwa kuliko michoro yote niliyochora. Swali lililobaki halikuwa la watu ishirini. Tulishajua kwamba haragwe lililopasuka haliuziki vizuri wala halifai mbegu, tulishajua bei ambayo mkulima anaiweza, tulishajua kwamba mashine lazima ipite kwenye mlango wa stoo. Iliyobaki ilikuwa kazi ya fundi, kijana wake na gunia moja la mashina makavu. Hata mimi sikutakiwa.

Walikaa siku tatu kwenye kibanda cha kuchomelea. Waling'oa meno ya nondo, wakakata tairi kuukuu vipande vya upana wa vidole vitatu, wakavifunga kwa bolti ili vipigapo viweze kulegea kidogo. Kipande cha kwanza kilikuwa kirefu, kikakwaruza pipa. Cha pili kifupi, kikapita bila kugusa kitu. Fundi alinieleza baadaye kwamba usiku wa pili hawakusemezana kabisa. Mmoja alizungusha, mwingine akasikiliza.

Siku ya nne, saa nane mchana, tuliibeba mpaka uani kwa mama. Kijana akazungusha kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Mama akateka kiasi kwenye ungo, akapepeta, pumba zikaenda na upepo. Akakaa chini, ungo mapajani, akayachambua kwa kidole, punje kwa punje, nasi tumesimama tu. Akatoa mawili yaliyopasuka, akayaweka juu ya jiwe. Akachambua tena mpaka chini ya ungo.

"Leteni mashina mengine," akasema, "jua bado lipo."