Kifundo cha Mguu na Mkono wa Mchuaji

Kifundo kilichoteguka huacha kuuma kabla hakijapona. Uvimbe hushuka, mtu hurudi kazini, na miezi kadhaa baadaye akichuchumaa kisigino huinuka chenyewe. Mguu unapopinduka kwa ndani, kano za upande wa nje ndizo huumia kwanza. Kiungo kikiachwa bila kuchezeshwa, kovu hukaza, na talasi, mfupa unaobeba uzito wa mwili hapo, hukosa nafasi ya kuteleza kurudi nyuma.

Mchuaji aliyebobea haanzi penye maumivu. Hupasha mafuta ya nazi, huupakata mguu, kisha huanzia juu kwenye shavu la mguu, maana msuli uliokaza huko ndio unaovuta kisigino. Dole gumba hushuka kando ya kano ya kisigino, likifika penye ugumu husita na kungoja. Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Kabla mgonjwa hajakunja uso, mkono umeshalegea. Mwisho kiganja kimoja hushika kisigino, kingine wayo, na kiungo huzungushwa kwa kadiri kinavyokubali siku hiyo.

Mfupa uliovunjika hauchuliwi. Aliyeumia akashindwa kukanyaga hata hatua 4 hupelekwa kwanza kupigwa picha ya eksirei, na mchuaji mwema hukataa kumgusa.

Fiziotherapia nayo hutegemea mikono. Brian Mulligan wa New Zealand alifundisha kuisukuma talasi nyuma huku mgonjwa akipeleka goti mbele. Maendeleo hupimwa ukutani: kisigino chini, goti liguse ukuta, na umbali wa kidole gumba cha mguu hadi ukutani ulinganishwe na wa mguu wa pili. Tangu daktari Freeman alipoandika huko Uingereza mwaka 1965 kwamba mteguko huharibu hata hisia za kiungo, kusimama kwa mguu mmoja kumekuwa sehemu ya tiba. Zoezi hilo hutaka wiki nyingi.

Wiki hizo ndizo watu wanazonyimana sasa. Kidonge humezwa, bandeji hufungwa, na mchezaji anayechechemea hurudishwa uwanjani Jumamosi. Uchuaji ulirithiwa kwa kukaa karibu: binti alishika bakuli la mafuta miaka mingi, akitazama, ndipo akaruhusiwa kugusa mguu wa mtu. Siku hizi mchuaji mzee hupasha mafuta, hushika bakuli na kuchua, yote peke yake.